Vikundi tunavyo, ushirikiano bado: barua ya wazi kwa viongozi wa elimu nchini

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Kwa Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Kwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Na kwa wathibiti ubora wa shule wa kanda na wilaya zote.

Waheshimiwa viongozi wetu,

Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule ya sekondari ya kata. Nawaandikia juu ya jambo mlilotuagiza, ambalo tunaliandika kwenye maandalio ya somo karibu kila siku, na ambalo mara nyingi halitokei darasani: wanafunzi kujifunza kwa kushirikiana katika vikundi. Naandika hadharani kwa sababu maamuzi yake yamegawanyika kati ya ofisi zenu zote. Wizara ina sera, TAMISEMI ina walimu na majengo, TET ina mitaala na vitabu, NECTA ina mitihani, na wathibiti ubora ndio wanaoingia madarasani kutazama. Barua hii ingekwenda kwa mmoja wenu peke yake, angeweza kusema kwa haki kabisa kwamba nusu ya suala iko kwa mwenzake.

Agizo lenyewe ni zuri, wala si geni kwetu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, ambaye kabla ya kuingia kwenye siasa moja kwa moja alikuwa akifundisha Pugu, alieleza katika Elimu ya Kujitegemea kwamba shule zetu zijenge moyo wa kuishi pamoja na kufanya kazi pamoja kwa manufaa ya wote. Alisema pia kwamba mtihani hupima uwezo wa mtu kukariri mambo na kuyatoa anapotakiwa, lakini haupimi tabia yake wala utayari wake wa kuwatumikia wenzake. Mtaala wa sekondari wa 2005 ulipohamia kwenye kujenga umahiri, mwalimu alitakiwa aache kuhutubia ubaoni kipindi kizima na awape wanafunzi nafasi ya kutenda, kuuliza na kubishana kwa hoja. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, umeshikilia njia hiyohiyo. Kwa hiyo sina ugomvi na maandishi yenu. Hoja yangu ni kwamba mmeagiza vikundi, mkaacha kuagiza kile kinachofanya kikundi kifundishe.

Tazameni kinachotokea. Darasa lina wanafunzi themanini, ingawa kiwango kilichowekwa kwa sekondari ni arobaini. Mwalimu anasema, "Kaeni kwenye vikundi vyenu." Madawati yanakwaruza sakafu, watoto wanageuka, na vinapatikana vikundi vinane vya watu kumi kumi. Swali moja linaandikwa ubaoni, na kila kikundi kinapewa karatasi moja. Mvulana anayethubutu kusema Kiingereza anakuwa mwenyekiti. Msichana mwenye mwandiko mzuri anakuwa katibu, ananakili asemacho mwenyekiti, na hakuna anayemuuliza yeye anafikiri nini. Wawili watatu wanachungulia. Waliobaki wanasubiri majina yao yaandikwe juu ya karatasi. Baada ya dakika kumi na tano mwakilishi anasimama mbele, anasoma, darasa linapiga makofi. Kikundi kinapata alama moja na watu kumi wanaichukua. Mtu akipita dirishani ataona darasa lenye uhai. Ukimsimamisha mtoto wa saba katika kikundi cha tatu umuulize walichojadili, atainama.

Walimu hawafanyi hivi kwa uvivu. Wanafanya kile walichofanyiwa vyuoni, na kile kinachotafutwa anapokuja mkaguzi, ambaye siku hizi tunamwita mthibiti ubora. Kwenye andalio la somo kuna safu ya vitendo vya mwanafunzi. Mwalimu akiandika humo "kujadili katika vikundi", safu imejaa. Hakuna mahali anapodaiwa aandike nani atafanya nini ndani ya kikundi, na atajuaje kwamba kila mmoja amejifunza.

Jambo hili lilikwisha kuchunguzwa zamani. Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alipima nguvu za watu wanaovuta kamba, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1913. Aligundua kwamba kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo kila mmoja alivyovuta kidogo kuliko alivyovuta akiwa peke yake. Baadhi ya upungufu ulitokana na watu kutovuta kwa wakati mmoja, na baadhi, kama wachunguzi wa baadaye walivyoonyesha, ulitokana na mtu kulegea akijua nguvu yake haionekani. Watoto kumi kwenye karatasi moja ni kamba hiyohiyo.

Wazee wetu vijijini walilijua hili bila kipimo chochote. Katika msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuchimba mtaro, mwenyekiti wa kitongoji hasemi tu "chimbeni". Anapima kwa hatua, anachora mistari, kila kaya inapewa kipande chake. Asiyemaliza kipande chake, maji yanakwama hapo kila mtu akiona, na waliomaliza wanamsaidia kwa sababu mtaro wenye pengo hauwafai hata wao. Mambo yote mawili yamo humo: kila mtu ana sehemu anayoulizwa yeye kwa jina lake, na hakuna anayefaidi mpaka sehemu zote zimekamilika.

Ni mambo hayohayo mawili ambayo wataalamu wa kujifunza kwa ushirikiano wanayataja kila mara. Ndugu wawili, David Johnson na Roger Johnson wa Chuo Kikuu cha Minnesota, waliyaweka kati ya misingi mitano ya kikundi kinachofanya kazi: wanakikundi wategemeane kikweli, kila mmoja awajibike peke yake, wasaidiane ana kwa ana, wafundwe namna ya kusikilizana na kupingana, kisha wakae watathmini walivyofanya kazi. Robert Slavin wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alipopitia tafiti nyingi za madarasani alifikia jibu lenye maana kubwa kwetu: vikundi huinua ufaulu pale kikundi kinapokuwa na lengo la pamoja na lengo hilo linapotegemea kila mwanakikundi ajifunze. Pale ambapo kikundi kinatoa karatasi moja tu, faida hiyo haionekani sana. Sisi tumeeneza nchi nzima ile aina ya kikundi ambayo isingetarajiwa kuzaa kitu, halafu walimu na wazazi wanasema mbinu shirikishi zimeshindwa. Zingeshindwaje wakati hazijajaribiwa?

Naomba niwapeleke Austin, Texas, mwaka 1971. Shule za huko zilikuwa zimeanza kuchanganya watoto Weusi, Weupe na wenye asili ya Meksiko, ambao kabla ya hapo walisoma mbalimbali, na ndani ya madarasa kulikuwa na chuki na ngumi. Mwanasaikolojia Elliot Aronson aliombwa kusaidia. Yeye na wanafunzi wake walikaa madarasani wakatazama, wakaona kwamba mfumo wa kufundisha wenyewe ulikuwa unawagombanisha: mwalimu anauliza, mikono inanyooka, anayechaguliwa akikosea wenzake wanafurahi kwa sababu sasa nafasi ni yao. Wakaligawa somo vipande. Kila mtoto katika kikundi kidogo akapewa kipande kimoja, ambacho wenzake hawakuwa nacho. Wenye kipande cha aina moja kutoka vikundi mbalimbali walikutana kwanza wakakisoma na kukielewa pamoja, halafu kila mmoja akarudi kwenye kikundi chake kuwafundisha wengine. Mwishoni kila mtoto alipewa jaribio lake mwenyewe la somo zima. Mtoto aliyekuwa akidharauliwa sasa alikuwa ndiye pekee mwenye sehemu ambayo wenzake waliihitaji ili wafaulu. Kumcheka kukawa hasara kwao wenyewe.

Sisi hatuna ubaguzi wa rangi madarasani, lakini tuna watoto wanaodharauliwa. Tuna aliyetoka shule ya msingi isiyo na mwalimu wa hisabati, tuna anayekuja na sare iliyofubaa, tuna asiyeona vizuri ubaoni, tuna binti aliyezoeshwa kunyamaza mbele ya wavulana. Elizabeth Cohen wa Chuo Kikuu cha Stanford alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba ukiwaweka watoto kwenye kikundi bila utaratibu, ngazi za heshima zilizoko nje zinaingia nao: mwenye hadhi anasema sana, na kwa kuwa anasema sana anajifunza zaidi, na asiye na hadhi anazidi kubaki nyuma. Kikundi kisichopangwa kinaweza kabisa kuongeza pengo tunalotaka lipungue.

Sasa niseme jinsi linavyowezekana kwenye darasa la watoto themanini, maana najua jibu la haraka litakuwa kwamba hayo ni ya nchi zenye watoto ishirini darasani.

Chukueni mmeng'enyo wa chakula, mada ambayo kila mwalimu wa Biolojia anaifundisha. Mada hii inagawanyika vizuri sana katika vipande vinne: mdomoni, tumboni, kwenye duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, ambako nyongo na maji ya kongosho yanaingia, na sehemu ya chini ya utumbo ambako chakula kilichosagika kinafyonzwa na maji kurudishwa mwilini. Watoto themanini wanakuwa vikundi ishirini vya wanne wanne. Hakuna haja ya kuhamisha madawati: watoto wawili wa dawati la mbele wanageuka kuwatazama wawili wa nyuma. Katika kila kikundi kila mmoja ana namba, moja hadi nne, na namba ndiyo kipande chake. Wanasoma kimya kila mtu peke yake, kisha wenye namba moja wanakutana wanne wanne, wenye namba mbili vivyo hivyo, na waliokosa nafasi ndani wanakwenda chini ya mwembe. Hapo wanaulizana: kipande chetu kinasema nini hasa, tutakielezaje kwa mtu ambaye hajakisoma, atatuuliza swali gani? Halafu wanarudi.

Swali la mwisho ndilo linalofanya kazi. Halitakiwi kuwa swali ambalo kipande kimoja kinalijibu. Mimi huuliza: kwa nini wanga wa ugali huanza kuvunjwavunjwa mdomoni, kazi hiyo ikasimama tumboni, kisha ikaendelea kwenye duodeni? Mwenye kipande cha mdomo anajua kwamba mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Hajui kwa nini kinasimama. Mwenye kipande cha tumbo anajua kuna asidi kali, na kwamba kimeng'enya cha huko kinashughulika na protini, lakini hajui asidi hiyo inaharibu kazi ya nani. Mwenye duodeni anajua kwamba maji ya kongosho yanapunguza ukali wa asidi na yana kimeng'enya kingine cha wanga. Jibu limo kati yao watatu, na wa nne anaeleza kwa nini ilikuwa lazima wanga uvunjwe hadi uwe sukari ndogo kabla haujaweza kupita kwenye kuta za utumbo na kuingia kwenye damu. Mnaona? Hapa kuongea si mapambo. Asiyeuliza hapati.

Kisha mwalimu anataja namba kwa kushtukiza: "Kikundi cha kumi na moja, namba tatu, simama utueleze kazi ya tumbo." Namba tatu ni mwenye kipande cha duodeni, kwa hiyo anajibu alichofundishwa na mwenzake. Kwa kuwa hakuna anayejua ataitwa nani, wanne wote wanahakikisha kila mmoja anajua. Na hapa ndipo ukubwa wa darasa unapopata nafuu. Mwalimu akitaka kutembelea vikundi ishirini kwa dakika mbili mbili, dakika arobaini za kipindi zimekwisha. Akitaja namba, anasikiliza watano tu na vikundi vyote ishirini vimejiandaa. Mwishoni kila mtoto anafanya jaribio fupi kwenye daftari lake, bila kumuuliza jirani. Slavin alipendekeza kikundi kipewe pointi kwa kadiri kila mtoto alivyopanda kutoka kiwango chake mwenyewe cha awali. Kwa utaratibu huo, mtoto anayepata alama ishirini kwa kawaida akipata thelathini na tano analeta pointi sawa na mkali wa darasa, na kikundi kina sababu ya kumfundisha.

Kazi hii inahitaji vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80: kumi na tano za kusoma, kumi na tano za kukutana wenye kipande kimoja, ishirini na tano za kufundishana, kumi na tano za jaribio, na kumi za kusahihisha na kuulizana kilichowatatiza. Haihitaji projekta wala intaneti. Inahitaji karatasi nne zilizoandikwa vizuri na kunakiliwa, na hapo ndipo mwalimu anakwama, kwa sababu kuandaa vipande vya mada moja kunakula jioni nzima na kutoa nakala kunakula fedha. Ruzuku ya shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka ina wanaoigombea wengi, kuanzia chaki hadi karatasi za mitihani.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza linakwenda TET. Vitabu vyenu vya kiada na viongozi vya mwalimu vimejaa maagizo ya "katika kikundi, jadilini umuhimu wa kitu fulani". Swali la namna hiyo mtoto mmoja analimaliza peke yake kwa dakika tatu. Tunaomba kila kiongozi cha mwalimu kiwe na mada mbili au tatu kwa muhula zilizokwisha kukatwa vipande, kila kipande kikiwa ukurasa mmoja unaoweza kunakiliwa au kuandikwa kwa mkono, pamoja na swali la kuunganisha na jaribio la mtu mmoja mmoja. Msitupe mada zote. Sitaki vikundi kila kipindi. Kuna siku darasa linahitaji mwalimu asimame aeleze kwa utulivu, na mwalimu anayeeleza vizuri ni hazina. Mara moja kwa wiki kwa kila somo, ikifanywa sawasawa, inatosha kabisa kuanzia.

Jambo la pili ni lugha, na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo moyo wangu ulipo. Mtoto wa shule ya kata amesoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili. Anaingia Kidato cha Kwanza, anapewa wiki chache za kozi ya Kiingereza, kisha karibu masomo yote, isipokuwa Kiswahili na mengine machache, yanafundishwa kwa Kiingereza. Shule nyingi zina vibao vinavyoonya kwamba asiyezungumza Kiingereza hatahudumiwa. Zipo zinazoadhibu. Halafu tunamwambia mtoto huyo: jadili. Atajadili nini? Kufikiri kwa sauti, kukosoa, kusema "hapana, hapo umekosea, hebu angalia tena", kunataka lugha ambayo mtu anaimudu. Mtoto anayehofia kuchek­­wa kwa sarufi hatauliza swali la asidi na kimeng'enya. Vikundi vyetu vimekuwa kimya kwa sababu hiyo zaidi ya sababu nyingine yoyote, na anayezungumza ndani yake si lazima awe anayejua Biolojia. Ni anayejua Kiingereza.

Siombi hapa mbadili lugha ya kufundishia, ingawa nina maoni yangu. Naomba waraka mfupi unaosema wazi kwamba wakati wa kazi ya kikundi wanafunzi wanaruhusiwa kujadiliana kwa Kiswahili, kusoma matini ya Kiingereza, na kutoa jibu la mwisho kwa Kiingereza walichokisaidiana kukitunga. Kila mwalimu wa kata anajua kwamba hivyo ndivyo mambo yanavyofanyika mlango ukifungwa. Tatizo ni kwamba anafanya kwa kificho, na mgeni akiingia darasani watoto wananyamaza ghafla. Mwalimu asilazimike kuficha kitu kinachowasaidia wanafunzi wake kuelewa. Tena Kiingereza chenyewe kitapanda, kwa sababu mtoto aliyeelewa jambo kwa lugha yake anatafuta maneno ya kulisemea, na mwenzake aliye karibu naye anampa.

Kwa wathibiti ubora ombi langu ni dogo kwa maneno lakini lina uzito. Mkiingia darasani, msihesabu vikundi. Chagueni mtoto mmoja, si mwenyekiti wala katibu, mkamuulize mambo matatu: sehemu yako ilikuwa ipi, mwenzako amekufundisha nini, na kikundi kingekosa nini kama wewe usingekuwepo. Majibu ya watoto wawili watatu yatawaambia zaidi ya andalio la somo lolote. Na mkimkuta mwalimu anaeleza ubaoni kwa sababu siku hiyo mada inataka maelezo, msimwandikie kwamba hatumii mbinu shirikishi. Hofu ya kuandikwa hivyo ndiyo inayozaa vikundi vya maonyesho.

NECTA, nanyi mna sehemu yenu. Kazi mradi zinazoingia kwenye alama za upimaji endelevu mara nyingi hufanywa na watu wengi na kupewa alama moja. Naomba mwongozo wenu udai kwamba kazi yoyote ya kikundi iwe na alama mbili: ya zao la pamoja, na ya mtu mmoja mmoja baada ya kuulizwa maswali mafupi kuhusu kazi ile, hata kwa mdomo. Na katika mitihani yenyewe, ongezeni maswali yanayomtaka mtahiniwa aunganishe sehemu mbili tatu za mada na aeleze kwa nini. Walimu hufundisha kile kinachotahiniwa, na sioni aibu kulisema, kwa kuwa wazazi wanatudai matokeo na ninyi pia kwa miaka mingi mlitupanga kwa matokeo. Swali linalotaka orodha ya viungo vya mmeng'enyo linajibiwa kwa kukariri usiku wa kuamkia mtihani. Swali la wanga nililolitaja hapo juu halikaririki kirahisi.

Nalijua pingamizi la mzazi mwenye mtoto mkali: kwa nini mwanangu awe mwalimu wa wenzake badala ya kwenda mbele? Ni swali la haki na lijibiwe kwa heshima. Noreen Webb wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichunguza kwa miaka mingi mazungumzo ya watoto ndani ya vikundi. Aliona kwamba anayetoa maelezo kamili kwa mwenzake ananufaika mwenyewe, kwa sababu kueleza kunamlazimu apange mawazo na agundue mahali alipokuwa anadhani tu kwamba anajua. Anayepewa jibu tupu, lile la "andika tano", hanufaiki. Kwa hiyo mtoto mkali hapotezi akifundishwa kueleza, na mtoto dhaifu hasaidiki kwa kunakili. Hilo nalo linafundishwa: watoto hawazaliwi wakijua kusema "nieleze umefikaje hapo".

Limebaki suala la mafunzo kwetu walimu, na hapa nina matumaini kuliko kwingine kote. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) umekwisha kutupatia mahali pa kukutana shuleni kama jumuiya ya kujifunza. Tatizo ni kwamba vikao vingi tunaketi mistari, mwezeshaji anasoma moduli, tunasaini mahudhurio. Agizeni kwamba kikao kimoja kwa muhula kiwe cha sisi wenyewe kuketi wanne wanne, kugawiwa vipande, kufundishana, na kufanya jaribio kila mtu peke yake. Mwalimu akionja ugumu wa kuwa yeye pekee mwenye kipande ambacho wenzake wanakisubiri, ataelewa kwa nini kikundi cha watu kumi hakifundishi. Kisha waende wawili wawili, mmoja afundishe, mwenzake akae nyuma ya darasa ahesabu ni watoto wangapi wamefungua mdomo kuzungumzia somo. Hesabu hiyo ikawasilishwe kwenye kikao kinachofuata. Haitahitaji posho wala semina ya hotelini.

Na TAMISEMI, nisiwasahau. Kampeni ya mwaka 2016 ilileta madawati mengi mashuleni, na tuliishukuru. Mengi yao yana benchi na meza vilivyounganishwa, mazito, hayageuki. Mnapotoa zabuni mpya, kwa sekondari hata kwa msingi, chagueni meza na viti vinavyosogea. Gharama ya kuchonga ikilingana, mwalimu anapata darasa linaloweza kupangwa upya. Ratiba nazo ziangaliwe: mkuu wa shule aelekezwe kwamba kila somo la sayansi na la jamii liwe na angalau vipindi viwili vinavyofuatana kwa wiki, kwa sababu kwa dakika 40 watoto wanafika tu mahali pa kuanza kufundishana na kengele inalia.

Sijaomba bajeti kubwa, wala sijaomba sheria mpya. Waraka wa lugha unaweza kuandikwa ndani ya wiki moja. Maswali matatu ya mthibiti ubora yanaweza kuingizwa kwenye fomu ya ukaguzi kabla ya shule kufunguliwa Januari. Vipande vya mada vinaweza kuandaliwa na walimu wenyewe chini ya usimamizi wa TET, na nina hakika wengi tutajitolea. Mimi ninavyo vya mmeng'enyo wa chakula, vya mzunguko wa damu na vya upumuaji, vimeandikwa kwa mkono, na nitavikabidhi kwa ofisi yoyote itakayoviomba ili vihakikiwe, vichapwe na vipelekwe kwa walimu wengine.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Biolojia
Shule ya sekondari ya kata